Kijiji kilikufa karibu 1500, kanisa likaendelea hadi 1949: kuyaelewa magofu ya Wharram Percy

Kuna picha ambayo haichoki kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kanisa la mawe lisilo na paa, mnara umemeguka kama mkate, nyasi zimeota mahali waumini walipokuwa wakipiga magoti, na nje ya ukuta kondoo wanalisha. Mara ni kanisa hili, mara ni lile, maana magofu ya namna hiyo Ulaya ni mengi, lakini maneno yanayoandikwa chini yake hayabadiliki sana. Mmoja anasema Wazungu walituletea dini, kisha wao wakaitupa. Mwingine anasema tauni ilipita, watu wakaisha, kanisa likabakiwa na mizimu. Wa tatu ana hakika limeshauzwa, na Ijumaa ijayo linafunguliwa likiwa baa. Au msikiti, inategemea uko kundi gani.

Ndani ya maneno hayo kuna mambo manne yaliyofungwa kwenye furushi moja: kijiji kuhamwa, ibada kukoma, jengo kuanguka, na kanisa kufungwa kisheria. Wengi wetu huyachukua kama tukio moja. Kumbe yanaweza kupishana kwa mamia ya miaka, na kila moja likawa na sababu yake. Namna nyepesi ya kulifungua furushi hilo ni kuchukua kanisa moja ambalo habari zake zinajulikana, tukalifuata tangu lilipokuwa kibanda cha mbao.

Nimechagua kanisa la Mtakatifu Martin la Wharram Percy. Liko kwenye bonde dogo katikati ya vilima vya chaki vinavyoitwa Yorkshire Wolds, kaskazini mwa Uingereza. Nimelichagua kwa sababu kati ya mwaka 1950 na 1990, kiangazi kwa kiangazi, watu walikwenda pale na majembe, sururu na brashi, wakachimba. Waliongozwa na Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi, na John Hurst, mwanaakiolojia. Miaka 40 kwenye kijiji kimoja ambacho hakikuwahi kuwa na vita vikubwa, mfalme wala hazina. Walitaka kujua mkulima wa kawaida aliishije, akafaje, na kwa nini hakuna mtu anayeishi pale tena.

Tuelewane maneno kwanza

Enzi za Kati ni kipindi kirefu cha historia ya Ulaya, kuanzia kuanguka kwa dola ya Warumi upande wa magharibi katika karne ya 5 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Ukitaka kukiweka sawa na kwetu, mafundi wa Wharram Percy walipokuwa wakiongeza mbavu za kanisa lao, yaani sehemu za pembeni za ukumbi, huku Kilwa watu walikuwa wakinunua vitu kwa sarafu za masultani wao wenyewe.

Neno la pili ni parokia, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Tukisikia "kanisa la Wharram Percy" tunafikiri ni kanisa la kijiji cha Wharram Percy. Mkatoliki wa Tanzania hana haja ya kuhangaika sana hapa, kwani anajua parokia ina vigango. Kanisa kubwa na padri viko mahali pamoja, ila wanaolitegemea wametapakaa vijiji vitano au kumi. Mlutheri anajua usharika na mitaa yake. Ndivyo ilivyokuwa Wharram Percy. Parokia ilikuwa na vitongoji vitano: Wharram Percy yenyewe, Raisthorpe, Burdale, Towthorpe na Thixendale. Shika majina hayo, hasa la mwisho, kwa sababu ndilo litakalokuja kuliua kanisa.

Tofauti na kwetu ni kwamba parokia ya Enzi za Kati haikuwa hiari. Ilikuwa eneo lenye mpaka unaojulikana, na aliyeishi ndani ya mpaka alikuwa mali ya kanisa lile, apende asipende. Hapo atabatizwa, hapo atafunga ndoa, hapo atazikwa. Hapo pia atapeleka fungu la kumi: la nafaka, la wanakondoo, la sufu. Hakukuwa na habari ya kuhamia kanisa la jirani kwa sababu kwaya yao inaimba vizuri.

Neno la tatu linahusu kile ambacho kanisa hili halikuwa. Magofu makubwa ya Uingereza yanayopendwa na wapiga picha, kama Rievaulx iliyoko Yorkshire hukohuko, mengi yake ni abasia, makanisa ya watawa. Yale hayakuachwa, yalivunjwa kwa amri. Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, mali zikachukuliwa, paa zikaezuliwa makusudi. Makanisa ya parokia hayakuguswa namna hiyo. Yalibadilishwa madhehebu yakiwa yamesimama. Babu alisikia misa ya Kilatini, mjukuu akasikia sala kwa Kiingereza, ukuta uleule, kisima cha ubatizo kilekile. Kwa hiyo anayesema gofu la kanisa la parokia ni kazi ya Henry VIII, mara nyingi amechanganya majengo.

Jengo lililopanuka, kisha likasinyaa

Wachimbaji waliingia ndani ya kanisa la Mtakatifu Martin kuanzia 1962, wakafanya kazi hadi 1974. Chini ya sakafu walikuta mashimo ya nguzo za mbao: kanisa la kwanza, dogo, la karne ya 10. Juu yake lilifuata la mawe, dogo pia, kisha jingine kubwa zaidi lililolizunguka lile la kwanza. Baadaye ukaja mnara upande wa magharibi. Mwishoni mwa karne ya 12 ukuta wa kusini ukatobolewa matao, ubavu ukaongezwa. Karne iliyofuata ikawa zamu ya upande wa kaskazini. Karne ya 14 kikaongezwa kikanisa pembeni mwa madhabahu.

Tunazijua nyumba zinazokua hivyo. Baba anaanza na vyumba viwili, mtoto wa tatu akizaliwa anaongeza kimoja nyuma, biashara ikimnyookea anapiga baraza mbele. Mpita njia akiangalia rangi tofauti za tofali anaweza kukusimulia maisha ya mwenye nyumba. Kanisa hili linasomeka vilevile, ila lenyewe lina pia ukurasa wa pili ambao nyumba zetu huwa hazina: lilianza kupunguzwa. Watu walipopungua, mbavu zile zilibomolewa. Matao yaliyokuwa yakifungukia kwenye mbavu yakazibwa kwa mawe, na madirisha ya ukuta uliobomolewa yakachomolewa na kupachikwa humohumo kwenye mawe ya kuzibia. Karne ya 17 hata sehemu ya madhabahu ilifupishwa.

Matao hayo yaliyozibwa bado yanaonekana. Binafsi naona ndiyo maandishi yenye ukweli kuliko yote pale bondeni, kuliko hata vibao vya maelezo. Mtu anayeacha jengo hahangaiki kuhamisha dirisha. Aliyefanya kazi ile alikuwa anapiga hesabu ya mwenye nyumba: tumebaki wachache, paa la ubavu linavuja, kulitengeneza ni ghali, basi tukate, tubaki na tunachoweza kukitunza. Hiyo ni kazi ya watu waliokusudia kuendelea kusali.

Tauni haikukiua kijiji

Sasa tuje kwenye hadithi inayopendwa zaidi. Tauni kubwa ilifika Uingereza mwaka 1348, na mwaka uliofuata ilikuwa imeingia Yorkshire. Iliua sana, hilo halina ubishi. Kwa nchi nzima makadirio ya kawaida yanaanzia theluthi moja ya watu hadi nusu. Lakini baada ya tauni Wharram Percy iliendelea kuwa na watu. Katika nusu ya pili ya karne ya 14 nyumba kama 30 zilikuwa na wakazi. Karne moja baadaye zilikuwa kama 16. Kijiji kilichouawa na tauni hakilipi kodi miaka mia baada ya mazishi.

Kilichotokea ni cha taratibu zaidi, na kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki hakina ugeni wowote. Watu walipopungua nchi nzima, vibarua wakawa adimu na ujira ukapanda. Mkulima aliyekuwa amebanwa kwenye shamba baya aliweza kuondoka akapate bora kwingine. Wakati huohuo sufu ilikuwa na soko zuri. Shamba la nafaka linahitaji watu wa kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna na kupura. Malisho ya kondoo yanahitaji mchungaji mmoja na mbwa wake. Kabaila mwenye ardhi hakuhitaji kwenda shule kuona hesabu hiyo inaelekea wapi.

Mwaka 1517 serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza jinsi mashamba yalivyogeuzwa malisho na watu kutolewa majumbani. Katika taarifa zake Wharram Percy imo: Baron Hilton, mwenye ardhi, alikuwa ameondoa plau nne na kuziacha nyumba nne zianguke. Nne tu. Yaani walioondolewa mwishoni walikuwa mabaki ya kijiji kilichokuwa kikipungua kwa vizazi kadhaa. Karibu mwaka 1500 hivi kijiji kilikuwa kimekwisha. Na hakikuwa peke yake: vijiji vya Enzi za Kati vilivyohamwa nchini humo vinakadiriwa kufika 3,000.

Basi tukitafuta mwuaji, tauni ilijeruhi, bei ya sufu na uamuzi wa mwenye ardhi vikamaliza. Wakulima waliowahi kuamka asubuhi wakakuta shamba walilolilima tangu babu zao limepata matumizi mapya wataielewa habari hii bila ramani.

Lakini kanisa lilikuwa la nani?

Hapa ndipo faida ya kuelewa neno parokia inapoonekana. Kijiji kimekwisha, nyumba zimeporomoka, kondoo wanalala palipokuwa jikoni kwa mtu, lakini kengele ya kanisa inaendelea kulia. Kwa nani? Kwa vile vitongoji vingine vinne. Sheria ya parokia haikuuliza kama watu wanaishi jirani na kanisa. Mtoto akizaliwa Thixendale alibebwa kuvuka vilima akabatizwe Wharram Percy. Bibi akifa Burdale, jeneza lake lilipita njia ileile.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka zaidi ya 400. Fikiria kanisa lililosimama peke yake bondeni, halina nyumba ya muumini hata moja ukiangaza macho, isipokuwa nyumba ya padri, na baadaye shamba moja kubwa la karne ya 18 lililojengwa karibu nalo. Mgeni wa mwaka 1700 angelipiga picha, kama picha zingekuwepo, angeandika chini yake kwamba hawa watu wameacha dini. Jumapili angewakuta wamejaa ndani.

Raisthorpe, Burdale na Towthorpe navyo vilisinyaa hadi kubaki mashamba tu. Kilichobaki kijiji cha kweli ni Thixendale. Na mwaka 1870 Thixendale ilipata kanisa lake. Alilijenga Sir Tatton Sykes, tajiri wa Sledmere, mwenye ardhi kubwa kwenye vilima vile, ambaye alijenga na kukarabati makanisa mengi ya eneo hilo. Mchoraji wake alikuwa George Edmund Street, mmoja wa wasanifu wakubwa wa enzi ya Malkia Victoria.

Lililolipiga pigo la mwisho kanisa la Mtakatifu Martin, basi, ni kanisa jingine. Mtu aliyependa dini kuliko majirani zake alitoa fedha zake, akawapunguzia watu safari ya vilimani, na kwa wema huohuo akaliondolea kanisa la zamani waumini wake wengi. Ukiwa mjumbe wa halmashauri ya parokia yoyote iliyopandisha kigango kuwa parokia, unajua jinsi sadaka ya kule kwenye kanisa mama inavyopungua Jumapili inayofuata.

Likajikongoja. Ibada ya mwisho ilifanyika mwaka 1949. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1950, wezi walibandua paa. Paa za makanisa ya zamani Uingereza zilifunikwa kwa mabati ya risasi, namaanisha madini, ile risasi nzito laini inayoyeyuka kirahisi, na yana bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tumeshazoea kusikia mifuniko ya chemba na nyaya za shaba zikitoweka usiku. Wezi hao ni ndugu wa wale. Jengo lililoachwa mahali pasipo jirani lina hatari hiyo kuliko nyingine zote. Mvua ikaingia. Mnamo 1959 nusu ya mnara ikaanguka.

Panga tarehe sasa. Kijiji kiliisha karibu 1500. Waumini wengi waliondoka 1870. Ibada ilikoma 1949. Jengo lilianza kuwa gofu ndani ya miaka kumi baada ya hapo. Kati ya kufa kwa kijiji na kuanguka kwa mnara kuna miaka kama 460, na gofu lenyewe tunaloliona "la kale" ni changa kuliko wazee wengi walio hai.

Kufungwa kisheria ni jambo jingine kabisa

Kanisa la Mtakatifu Martin lilikuwa na bahati mbaya ya muda. Liliachwa kabla Uingereza haijaweka utaratibu wa kueleweka wa kufanya nini na kanisa lisilohitajika. Mwaka 1957 lilianzishwa shirika dogo la hiari lenye jina linalonifurahisha kila nikilisoma, ambalo kwa Kiswahili tungeliita Marafiki wa Makanisa Yasiyo na Rafiki, likaanza kuyaokoa moja moja. Sheria ya kanisa iliyopitishwa mwaka 1968 ndiyo iliyoleta mfumo wa nchi nzima, na mwaka 1969 ukaanza mfuko maalum wa kuyatunza yale bora. Leo unaitwa Churches Conservation Trust na una makanisa zaidi ya 350.

Utaratibu wenyewe, ukiondoa mambo ya wanasheria, ni huu. Parokia na dayosisi wakiona kanisa haliwezi tena kuendelea, hupeleka pendekezo ngazi ya juu. Wananchi husikilizwa, hata wasiosali pale. Likifungwa, hutafutwa njia moja kati ya tatu: litafutiwe matumizi mengine yanayofaa, likabidhiwe shirika la kulitunza, au, mara chache, libomolewe. Padri hawezi kuamka na kuliuza kama kiwanja. Kanisa Anglikana la Uingereza lina makanisa takriban 16,000, na zaidi ya 12,000 yamo kwenye orodha ya majengo ya urithi ambayo huwezi hata kubadilisha mlango bila kibali. Mzigo wa kuyatunza uko mabegani mwa waumini wenyewe, na hapo ndipo shida halisi ya leo ilipo: vijiji vya watu 200 vyenye jengo la miaka 800 na paa linalovuja.

Makanisa mengine yalifungwa kwa sababu yalikuwa mengi mno tangu mwanzo. Mji wa Norwich una makanisa 31 ya Enzi za Kati ambayo bado yamesimama, yote ndani ya mji ambao zamani ungeuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Matajiri wa sufu walishindana kujenga. Watu walipohamia vitongoji vya nje, katikati ya mji pakabaki makanisa kila kona bila wakazi. Moja sasa ni ukumbi wa muziki na sanaa, mengine yamepata shughuli nyingine, machache bado yana ibada. Barton-upon-Humber, mji mdogo mashariki mwa nchi, ulikuwa na makanisa mawili ya kale yaliyokaa hatua chache tu baina yao. La Mtakatifu Petro, lenye mnara uliojengwa kabla ya uvamizi wa Wanormani wa 1066, lilifungwa miaka ya 1970. La Mtakatifu Maria, jirani yake, linaendelea. Mji haujaacha kusali, umeacha kulipia paa mbili.

Na msikiti je? Kanisa Anglikana la Uingereza, kwa sera yake, kwa kawaida halikubali kanisa lake lililofungwa liwe mahali pa ibada ya dini nyingine. Majengo ya ibada yaliyogeuka misikiti mara nyingi yalikuwa ya madhehebu mengine, mengi yakiwa ya karne ya 18 na 19, na umri wake haukaribii Enzi za Kati. Mfano unaojulikana ni jengo la Brick Lane, London. Lilijengwa 1743 na Waprotestanti Wafaransa waliokimbia mateso kwao, likawa la Wamethodisti, likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia Ulaya Mashariki, na mwaka 1976 likawa msikiti wa Wabangladeshi waliohamia mtaa ule. Halikuwahi kuwa kanisa la parokia. Kila wimbi la wahamiaji lilipofika mtaani lilikuta jengo lililoachwa na wimbi lililotangulia. Kuhusu baa, ndiyo, zipo baa ndani ya makanisa ya zamani. Hapo aliyetuma picha anaweza kuwa sahihi kwa bahati.

Mifupa na mizimu

Siwezi kumaliza bila kugusa mizimu, maana hapa ndipo uvumi una mguu mmoja kwenye ukweli.

Makaburini na ndani ya kanisa, wachimbaji walifukua mifupa ya watu karibu 700. Mifupa hiyo imesema mengi kuliko nyaraka zote za makabaila. Watoto walikuwa wadogo wa umbo: wa miaka 14 alilingana kimo na wa miaka 10 wa leo. Watoto wachanga walinyonya hadi karibu mwaka na nusu, jambo ambalo wataalamu walilisoma kwa kupima kemikali za mifupa. Mwanamume mmoja wa makamo alikuwa amepigwa kichwani, akapasuliwa fuvu ili kupunguza mgandamizo, na mfupa ukapona, yaani aliishi baada ya hapo. Mkulima wa kawaida, kijijini, zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Lakini lililosambaa duniani ni jingine. Katika shimo moja kijijini, nje ya makaburi ya kanisa, palikutwa vipande 137 vya mifupa ya watu wasiopungua kumi, wa kati ya karne ya 11 na ya 14. Vilikuwa na alama za kisu, vimevunjwa, vingine vimeunguzwa, na yote hayo yalifanywa baada ya kifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima maelezo kadhaa. Je, walikuwa wageni waliochukiwa? Kemikali za meno zilionyesha walikulia maeneo yaleyale. Je, ilikuwa njaa, watu wakala watu? Mikato ya kisu ilikuwa zaidi kichwani na shingoni, na mtu anayetafuta nyama haanzii huko. Maelezo yaliyowaridhisha watafiti zaidi ni kwamba wanakijiji waliwaogopa maiti hao wasije wakainuka. Mtawa William wa Newburgh, aliyeishi Yorkshire karne ya 12, ameandika visa vya wafu wanaotoka kaburini kusumbua walio hai, na dawa iliyotumika: kufukua, kukatakata, kuchoma moto.

Usiwachanganye na msukule wa kwetu. Msukule anaibwa na kufichwa alime shamba la mtu, na huruma yote iko kwake. Maiti wa Yorkshire aliogopwa kwa kuwa anatoka mwenyewe, kwa ubaya wake wa maishani. Kwa hiyo hofu ilikuwepo kweli Wharram Percy, lakini ilikuwepo kijiji kikiwa hai na kanisa likijaa. Haikuwafukuza watu, na haihusiani na kuachwa kwa mahali. Mizimu ya magofu huja baadaye, watu wakishaondoka na wapitao kuanza kujiuliza. Gede, karibu na Malindi, nayo ina misikiti isiyo na paa na hadithi za roho zinazolinda kuta. James Kirkman alianza kuichimba mwaka 1948, mwaka uleule Beresford alipofika Wharram Percy kwa mara ya kwanza.

Ukitaka kwenda kujionea, eneo sasa linatunzwa na English Heritage, shirika la kutunza maeneo ya kihistoria, na hakuna kiingilio. Gari unaliacha juu, unashuka kwa miguu zaidi kidogo ya kilomita moja, na mvua ikiwa imenyesha njia inateleza vibaya. Misingi ya nyumba utaiona kama matuta kwenye nyasi, hasa jua likiwa chini. Kisha unafika kwenye kanisa, unaingia bila kufungua mlango, unasimama chini ya nusu ya mnara ambayo haikuanguka, na kulia na kushoto kwako kuna yale matao yaliyozibwa.